Hughie Gallacher: Straika mfupi aliyeuzwa paundi 10,000 huku mshahara wake ukiwa paundi 8

Jioni maji yakitoka pale Mbegani, vijana wanashuka ufukweni, wanapanga ndara mbili kila upande na goli limepatikana. Na kila siku lazima atajwe dogo mmoja mfupi ambaye mabeki wanamdharau kabla mechi haijaanza, halafu wakitoka pale hawana hamu naye.

Leo tunamzungumzia mfupi wa namna hiyo, ila huyu alicheza miaka karibu 100 iliyopita. Anaitwa Hughie Gallacher, Mskoti, urefu wake kama sentimita 165 tu.

Aliitumikia Newcastle, watani wa jadi wa Sunderland ya Uingereza. Ndiyo, Sunderland ileile ambayo jina lake lilibebwa na Simba yetu hadi 1971. Ukitaka kuelewa Newcastle na Sunderland wanavyotazamana, fikiria Kariakoo siku ya dabi, halafu waweke watani hao kwenye miji miwili iliyo karibu kuliko Bagamoyo na Dar.

Gallacher alizaliwa Februari 2, 1903 huko Bellshill, mji wa wachimba makaa ya mawe karibu na Glasgow. Ni mji mdogo wa ajabu kwa soka. Alex James aliyekuja kuwa fundi wa Arsenal alikulia hapohapo na walikuwa marafiki toka utotoni. Matt Busby, kocha wa Manchester United, naye ni wa hapo.

Kama vijana wengi wa kwao, Hughie alionja kazi ya mgodini. Mpira ndio ulimtoa. Alianzia Queen of the South mwaka 1921, akafunga sana katika mechi chache, kisha akaugua nimonia vibaya na kulazwa. Alipopona, Airdrieonians wakamchukua.

Airdrie haikuwa timu kubwa, lakini akiwa pale ikawa inamaliza nafasi ya pili kwenye ligi ya Scotland, na mwaka 1924 ikabeba Kombe la Scotland kwa kuifunga Hibernian 2-0. Wakubwa wa Uingereza wakaanza kupiga hodi.

Desemba 1925 Newcastle wakatoa paundi 6,500. Mechi ya kwanza dhidi ya Everton ikaisha 3-3, na mgeni akatupia mawili.

Msimu uliofuata, 1926/27, akapewa unahodha. Akafunga mabao 36 ya ligi na Newcastle wakawa mabingwa. Hapa tusimame kidogo: mpaka leo Newcastle hawajawahi kubeba tena ubingwa wa ligi. Wamepita kina Jackie Milburn, amepita Alan Shearer mwenye mabao mengi kuliko wote pale, lakini nahodha wa mwisho kuinua taji la ligi bado ni yule mfupi wa Bellshill.

Kwa jumla aliichezea Newcastle mechi 174 na kufunga mabao 143. Piga hesabu mwenyewe.

Alikuwa anafungaje? Miguu yote miwili ilikuwa inapiga, na alikuwa anageuka haraka akiwa amezungukwa na watu. Hata kwa kichwa alifunga, licha ya urefu wake. Mabeki walichobakiza ni kumpiga. Enzi hizo kiatu kizito, mpira wa ngozi ukilowa unakuwa kama jiwe, na refa anaacha mengi yapite. Miguu yake ilikuwa na makovu tele.

Tatizo ni kwamba Hughie hakuwa mtu wa kunyamaza. Ukimchezea rafu, anakurudishia, na refa akikosea, anaambiwa palepale. Siku ya mwisho ya mwaka 1927, dhidi ya Huddersfield, alinyimwa penalti akachachamaa. Inasimuliwa kwamba baada ya mechi alimfuata refa chumbani akamsukumia kwenye beseni la kuogea. Kilichofuata ni kifungo cha miezi miwili.

Alipomaliza kifungo tu, Scotland wakamwita. Machi 31, 1928, Wembley, Scotland wakawapiga Waingereza 5-1 mbele ya watu wao. Safu ya mbele ilikuwa ya vijana wafupi watupu. Alex Jackson alifunga matatu, Alex James mawili. Gallacher hakufunga, lakini mabeki walikuwa wanahangaika naye, wenzake wanapata nafasi. Kwa timu ya taifa alicheza mechi 20 tu, na mabao yake yanazidi idadi ya mechi.

Sasa njoo kwenye pesa, maana hapa ndipo roho inauma.

Mwaka 1930 Newcastle wakamuuza Chelsea kwa paundi 10,000. Yeye alipenda kubaki, lakini mchezaji wa enzi hizo hakuwa na sauti. Klabu ndiyo ilishika usajili wake, na hata mkataba ukiisha hawezi kuondoka bila ruhusa. Mshahara nao ulikuwa na kikomo kilichopangwa kwa wachezaji wote: paundi 8 kwa wiki wakati wa msimu, na pungufu ya hapo ligi ikisimama.

Ukigawa paundi 10,000 kwa 8 unapata wiki 1,250, sawa na miaka 24 hivi. Yaani bei ambayo bosi alimuuzia, yeye mwenyewe angehitaji kucheza mpaka uzee ndipo aifikie. Nani aliyefaidika na ile miguu yenye makovu?

Septemba 3, 1930 Chelsea wakaenda Newcastle. Watu 68,386 wakajaa St James' Park, rekodi ya uwanja ule ambayo haijavunjwa hadi leo. Wengi walikuja kumwona mtu wao akiwa na jezi ya wageni. Newcastle walishinda 1-0.

Chelsea alifunga mabao 81 ndani ya misimu minne, lakini taji hakuna. Nje ya uwanja mambo yalikuwa yanaharibika. Ndoa ya kwanza, aliyoifunga akiwa na miaka 17, ilivunjika kwa kesi ndefu ya gharama, pombe ikaongezeka, na mwaka 1934 mahakama ikamtangaza muflisi. Straika ghali kuliko karibu wote Uingereza, hana kitu mfukoni.

Derby County wakamchukua mwaka huohuo, na Desemba akawatungua Blackburn mabao matano peke yake. Bado alikuwemo! Kisha Notts County, Grimsby, na mwishowe Gateshead, ng'ambo ya mto Tyne ukitokea Newcastle. Vita ya 1939 ikafunga ukurasa.

Alibaki Gateshead. Alifanya vibarua tofauti, akaandikia magazeti habari za mpira, na akiwa mtu mzima kabisa aliendelea kucheza mechi za hisani. Mke wake wa pili alifariki mwishoni mwa 1950, akabaki na watoto, na waliomjua walisema hakuwa yuleyule tena.

Mei 1957 ulizuka ugomvi nyumbani. Kwa hasira alirusha kisahani cha majivu ya sigara, kikampata mwanawe mdogo kichwani. Akafunguliwa mashtaka, mtoto akaondolewa nyumbani, na magazeti yaleyale yaliyomsifu yakaiandika habari hiyo. Siku nzima alikuwa akionekana akizunguka mitaani peke yake, mtu aliyewahi kujaza uwanja.

Kesi ilipangwa kusikilizwa Juni 12. Siku moja kabla, Juni 11, 1957, Gallacher alijitoa uhai kwenye reli ya Low Fell, Gateshead. Alikuwa na miaka 54.

Mshahara wenye kikomo ulifutwa Uingereza miaka minne baadaye, 1961.