Mwindaji Aliyelala Nyeri

Wageni wengi wafikao makaburini pa kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri, hulitafuta kaburi la Baden-Powell. Mimi hulitafuta la Kanali Jim Corbett.

Alizaliwa Nainital, Bara Hindi, mwaka 1875, akafanya kazi ya reli miaka mingi. Mwaka 1907 alimwua chui milia jike wa Champawat, aliyesemekana kuwamaliza watu 436. Wanakijiji walikuwa wakijifungia ndani hata mchana. Corbett alipoutazama mzoga aliona meno mawili ya chonge, upande wa kulia, yamevunjwa na risasi ya zamani. Mnyama yule hakuweza tena kukamata windo lake la kawaida. Basi kitendawili kikateguka, na jawabu lake lanitisha mimi kuliko makucha yenyewe.

Kitabu chake cha mwaka 1944 kilisomwa duniani kote. Mwaka 1948 Hollywood wakatoa filamu, *Man-Eater of Kumaon*, Sabu akiwa miongoni mwa waigizaji. Walichukua jina tu. Hadithi wakatunga yao! Corbett hakupendezwa, na yasemekana aliyemsifu ni chui milia peke yake.

Wakati huo alikwisha kuhamia Kenya, mwaka 1947, pamoja na dada yake Maggie. Waliishi Paxtu, nyumba ndogo ya Baden-Powell katika hoteli ya Outspan. Februari 1952 alikuwa Treetops pamoja na Binti Mfalme Elizabeth, usiku ule baba yake alipofariki Uingereza.

Corbett alifariki tarehe 19 Aprili, 1955. Kitabu chake kidogo juu ya Treetops kilitoka akiwa amekwisha kuzikwa.