Niels Finsen na Mwanga Uliogeuzwa Dawa

Neno chunusi lina maana mbili katika Kiswahili: kipele cha usoni, na zimwi lisemekanalo kuwavuta watu majini. Kwa wanafunzi wengi wa Migori na Homa Bay maana hizo hukaribiana mno. Kijana mwenye chunusi huzama katika aibu, asithubutu kuinua mkono darasani. Tena hakosi wa kumshauri aanike uso juani ili vipele vikauke. Ndiyo maana nimeona yafaa tuyatazame maisha ya Niels Ryberg Finsen, atajwaye kuwa baba wa tiba ya mwanga.

Finsen alizaliwa Tórshavn, katika visiwa vya Faroe, tarehe 15 Desemba 1860. Alihitimu udaktari mjini Copenhagen mwaka 1890, ilhali tangu ujanani aliandamwa na maradhi ya kudumu ambayo hatimaye yalimkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Udhaifu huo ndio uliomfanya ajiulize jua lina kazi gani katika mwili wa kiumbe hai.

Zama zile kifua kikuu cha ngozi kilizila nyuso za watu, na wagonjwa walijificha. Mwaka 1895 Finsen alianza kukitibu kwa taa ya umeme. Aliikusanya miale kwa lenzi, akaipitisha majini ili kuipunguzia joto, kisha akaielekeza penye kidonda kwa muda uliopimwa. Taasisi yake ilifunguliwa mwaka 1896, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Sehemu ya fedha hizo aliitoa kwa taasisi. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904, akiwa na umri wa miaka 43.

Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walieleza kwamba huenda miale ile iliamsha porfirini zilizomo ndani ya bakteria, zikageuka sumu ya kuwaua. Bakteria wa chunusi nao wana porfirini, na kwa hiyo baadhi ya madaktari leo hutumia mwanga wa buluu kutibu chunusi. Hata hivyo mwanga peke yake aghalabu hautoshi, kwani hauzibui vitundu vya ngozi. Huambatanishwa na dawa za kupaka, ambazo ndizo nguzo ya tiba.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Lakini funzo la maisha haya liko wazi. Finsen hakuwaanika wagonjwa wake juani: aliichagua miale, akaipoza, akaipima. Jua kali la Ziwa Victoria halichagui. Huunguza ngozi na kuzidisha madoa, hasa kwa anayetumia doksisaiklini au retinoidi, dawa za chunusi zinazoifanya ngozi iungue upesi.

Mwalimu mwenzangu, umwonapo mwanafunzi akiinamisha uso, usimtanie wala usimpeleke juani. Mwelekeze zahanati. Nawe mwanafunzi, chunusi ni maradhi yenye tiba. Si aibu wala uchafu.