Denis Burkitt: Tabibu wa Mulago na Daftari za Wagonjwa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, japo chimbuko lake ni biashara, inaafiki mno maisha ya Denis Parsons Burkitt, tabibu ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyesifika pia kwa kuwavisha ndege pete miguuni na kuchora ramani za maskani yao. Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipoteza jicho moja. Ulemavu huo haukumzuia kuhitimu udaktari mwaka wa 1935 katika Chuo cha Trinity, Dublin, wala kuwa daktari mpasuaji. Mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano aliyefura taya pande zote nne. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona msichana mwenye uvimbe wa namna iyo hiyo. Mwingine angalidhani ni sadfa. Yeye alirejea Mulago akapekua majalada ya wagonjwa. Ikadhihirika kwamba watoto walioandikwa kuwa na maradhi mbalimbali, huyu ya taya, yule ya tumbo, waliugua ugonjwa mmoja. Alichapisha makala yake ya kwanza kuuhusu mwaka wa 1958. Miaka miwili baadaye, wanapatholojia George O'Conor na Jack Davies, wakitegemea sajili ya saratani ya Kampala na sampuli zilizohifadhiwa, walionyesha kuwa ugonjwa huo ni limfoma, na kwamba ulikuwa karibu nusu ya saratani za watoto zilizosajiliwa.

Burkitt alituma vikaratasi vyenye picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi barani Afrika, kisha akaziandama kumbukumbu mwenyewe. Mnamo Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri takriban maili 10,000 kwa majuma kumi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza na kuandika katika kila hospitali. Kama baba yake, alichora ramani. Ramani hiyo ilionyesha kuwa ugonjwa ulifuata maeneo yenye joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu. Baadaye malaria ilibainika kuwa miongoni mwa visababishi vyake.

Mwezi Machi mwaka uo huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara jijini London, na Anthony Epstein akawa miongoni mwa wasikilizaji. Wakaafikiana kwamba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Uganda. Mwezi Desemba 1963, ndege iliyobeba sampuli moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Sampuli ilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka, kumbe ndani yake mlielea seli hai. Seli hizo zilioteshwa katika maabara, na mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi kilichokuja kuitwa Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kirusi hicho kilitangazwa mwezi Machi 1964. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti wa tiba lilipitishwa Juni mwaka huo; na hadi lilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2000 ndipo lilipotaja bayana sampuli na taarifa zinazoweza kumtambulisha mgonjwa. Leo ridhaa ya mgonjwa au mzazi ni sharti la msingi, na kamati ya maadili ndiyo huamua pale isipowezekana kuipata. Jina hufichwa ili kumlinda mwenyewe. Watoto wa Mulago hawakuwa na ngao hiyo: nyuso zao zilisambazwa barani, na seli zao zikavuka bahari.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, Uingereza. Ugonjwa una jina lake, kirusi kina majina ya watafiti wawili wa London. Watoto waliotoa tishu hawatajwi katika majina hayo. Hata hivyo, elimu iliyotokana nao ilirudi nyumbani: mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa papo hapo Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.