Ronald Ross na Pipa la Maji

Je, umepata kuchungulia ndani ya pipa la maji lililokaa wazi kwa siku nyingi? Huenda uliona vidudu vyembamba vikijipindapinda, vikipanda juu na kushuka tena. Hao ni viluwiluwi wa mbu. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyewachunguza kwa makini, na kazi yake ikawafaa watu wa nchi nyingi.

Ronald Ross alizaliwa tarehe 13 Mei 1857 katika mji wa Almora, kaskazini mwa India. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza. Kijana Ross alipenda mashairi na muziki, lakini baba yake alitaka awe daktari. Basi alisomea udaktari London, na mwaka wa 1881 akarudi India kuwatibu askari.

Mwaka wa 1883 Ross alikaa katika nyumba moja mjini Bangalore. Nyumba ilimpendeza, ila mbu walimsumbua mno. Alipotafuta sababu, aliona pipa la maji nje ya dirisha, na ndani yake viluwiluwi tele. Alilipindua pipa hilo, maji yakamwagika, na mbu wakapungua. Alipomshauri afisa mmoja kwamba vyombo vingine vyenye maji vimwagwe pia, afisa huyo hakukubali.

Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu huleta malaria. Watu wengi walidhani kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya itokayo mabwawani. Mwaka wa 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikuwa ameviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa. Lakini vilifikaje humo? Mwaka wa 1894 daktari Patrick Manson alimwonyesha Ross vimelea hivyo, akamweleza kuwa huenda mbu ndio wanaohusika.

Ross alirudi India akaanza kazi ngumu. Aliwapasua mbu wengi, mmoja mmoja, akawatazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Joto lilikuwa kali, na mara nyingi hakuona kitu. Hata hivyo hakukata tamaa. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu wa aina ya anofelesi aliyekuwa amemwuma mgonjwa. Mwaka uliofuata, mjini Calcutta, aliwachunguza ndege wenye malaria ya ndege. Aligundua kwamba vimelea husafiri kutoka tumboni mwa mbu hadi kwenye mate yake, kisha huingia katika mwili mwingine mbu anapouma. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902.

Mwaka huohuo Ross aliitwa Ismailia, mji wa Misri ulio kando ya Mfereji wa Suez. Maji matamu yaliletwa mjini humo kwa mfereji kutoka mto Nile. Yalipopenya ardhini yalituama katika madimbwi, na malaria ikaenea. Mwaka wa 1902 waliugua watu zaidi ya 1,500. Kwa ushauri wa Ross, madimbwi yalikaushwa au kufukiwa, na wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba wakitia mafuta katika mashimo ya maji machafu. Mwaka wa 1903 wagonjwa walikuwa kama 200 tu. Ross alifariki London tarehe 16 Septemba 1932.

Sasa fikiri juu ya nyumba yenu. Katika nchi za joto, yai la mbu huwa kiluwiluwi, kisha pupa, kisha mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo ukimwaga maji yaliyotuama kila wiki, viluwiluwi hufa kabla hawajapata mabawa. Mbu wa malaria hupenda hasa madimbwi ya maji safi yapatayo jua, kama lile linalotokea chini ya bomba linalovuja. Katika makopo, vifuu na matairi huzaliana mbu wengine, waenezao homa ya kidingapopo, iitwayo pia dengue. Mende nao hufuata unyevu chini ya mtungi unaovuja. Tone moja huonekana dogo, lakini matone ya usiku kucha hufanya dimbwi.

Mambo ya kufanya

1. Kausha bomba au mtungi kwa kitambaa. Nyunyiza majivu makavu chini yake jioni. Asubuhi tazama: yakilowa, pana mahali panapovuja. Mwarifu mzazi wako.
2. Zunguka nyumba yenu mara moja kila wiki. Mwaga maji yote yaliyotuama katika vyombo visivyotumika, na funika mapipa ya maji ya kutumia.

Maswali

1. Ross aliona nini ndani ya pipa, na alifanya nini?
2. Zamani watu walidhani malaria huletwa na nini?
3. Kwa nini maji yaliyotuama yamwagwe kila wiki, wala si kila mwezi?
4. Kwa nini malaria ilipungua Ismailia?