Aliyefumua ili Ajifunze Kufuma: Maisha ya William Morris

Wazee wetu waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakukosea. Leo nataka nizungumze nanyi habari za mtu aliyeinama kwelikweli, ingawa alizaliwa katika nyumba ambamo hakuwa na haja ya kuinamia chochote. Huyu ni William Morris, Mwingereza aliyefariki mwaka 1896. Wengi wanamjua kwa nakshi zake za majani na ndege. Mimi nitamweleza kwa jambo jingine, nalo ni jinsi alivyojifunza kazi za nyuzi kwa kuzichungua kazi za watu waliokwisha kufa.

Jambo hili linanigusa kwa sababu utotoni nilimwona mama yangu akifanya vivyo hivyo. Alipoletewa kofia ya mtindo asioujua, hakuwa na wa kumwuliza. Aliigeuza ndani nje, akahesabu matundu yake, na kama kofia yenyewe ilikuwa imekwisha kuchakaa, alishika sindano akaifumua upande mmoja, uzi kwa uzi, mpaka akajua fundi wa kwanza alianzia wapi. Niliposoma habari za Morris, nilimwona mama yangu.

Morris alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 huko Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya fedha, akapata utajiri mkubwa kwa hisa za mgodi wa shaba. Alifariki mwaka 1847, William akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 1853 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Oxford akikusudia kuwa padri, lakini huko moyo wake ukavutwa na majengo na kazi za mikono za kale, naye akaiacha nia ile. Mwaka 1859 alimwoa Jane Burden, binti wa mtunza farasi wa mji huo, na mwaka uliofuata wakahamia nyumba yao mpya huko Kent, iliyochorwa na rafiki yao Philip Webb.

Nyumba ilikuwa nzuri, lakini kuta zilikuwa tupu. Mapazia yaliyouzwa madukani hayakumridhisha bwana wala bibi, kwa kuwa yalikuwa kazi ya mashine, ya haraka na ya rangi za kelele. Jane akapata mjini London kitambaa cha sufu cha buluu, cha bei nafuu, na William akachora maua juu yake. Ikabaki kushona, na hapo ndipo penye taabu, kwani darizi ya zamani waliyoitaka ilikuwa imeachwa, na mwalimu hayupo. Basi wakatafuta vitambaa vikuukuu vilivyodariziwa na mikono ya zamani, wakavifumua. Kila mshono walioufungua uliwafundisha namna ya kuurudisha. Kazi hiyo ya nyumbani ikazaa biashara, maana mwaka 1861 Morris na rafiki zake walifungua kampuni ya kupamba nyumba.

Baada ya darizi likaja swali la rangi. Tangu mwaka 1856, mwanakemia William Perkin alipogundua rangi ya zambarau inayotokana na lami ya makaa ya mawe, viwanda vilikuwa vimeziacha rangi za mimea. Rangi nyingi za namna hiyo mpya ziling'aa siku ya kwanza, kisha zikachujuka juani. Morris alikuwa akitazama vitambaa vya miaka mia tatu vilivyoshinda vipya kwa rangi, akajiuliza wale wa zamani walijua nini. Kati ya mwaka 1875 na 1877 alikwenda mara nyingi katika mji wa Leek, kwa mtia rangi aitwaye Thomas Wardle. Huko mtoto huyu wa tajiri alivaa nguo za kazi na kuviatu vya mbao, akatumbukiza mikono katika mapipa ya nili mpaka ikawa buluu. Alijaribu mizizi itoayo wekundu, majani yatoayo manjano na maganda ya jozi yatoayo kahawia. Vitabu vya kale vya miti na dawa vilimwonyesha njia, lakini kilichoamua kama amefaulu ni kile kitambaa cha zamani kilichokuwa mbele yake.

Palipokuwa na fundi hai, hakuona haya kumfuata. Mwaka 1877 alimleta mfuma hariri kutoka Lyon, Ufaransa, aje na ujuzi wake. Lakini kufuma mapazia ya ukutani yenye picha, kwa namna ya karne za kati, hakukuwa na mtu wa kumfunza jinsi alivyotaka. Akaweka kitanda cha mfumi chumbani mwake mwa kulala, nyumbani Hammersmith, akawa anaamka alfajiri kufuma, huku kitabu kikongwe cha Kifaransa cha ufundi huo kikimwongoza. Kuanzia Mei hadi Septemba 1879 alikamilisha pazia lake la kwanza kwa saa 516. Najua idadi hiyo kwa kuwa aliziandika zote katika daftari. Kisha akamfundisha kijana mmoja, John Henry Dearle, naye Dearle akawafundisha wengine. Mwaka 1881 karakana zake zikahamia Merton Abbey, kando ya mto Wandle, kusini ya London.

Sasa nije kwenye sehemu inayotuhusu sisi Waislamu zaidi. Morris aliihesabu Uajemi kuwa nchi tukufu kwa kila mwenye kazi ya nakshi. Alikusanya mazulia ya Mashariki, akayapindua kutazama mafundo yake kwa nyuma, na mwishoni mwa miaka ya 1870 akaanza kuyafunga mwenyewe. Hata hivyo hakutaka kughushi. Alisema wazi kwamba kanuni azichukue Mashariki, lakini maua yawe ya kwao.

Mwaka 1893 jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo huitwa Victoria and Albert, lilimwomba akalitazame zulia lililokuwa likiuzwa London. Lilikuwa zulia la Ardabil, lililotoka katika mazar ya Sheikh Safi al-Din aliyefariki mwaka 1334. Urefu wake ni zaidi ya mita 10 na upana zaidi ya mita 5, mtande na mshindio wake ni hariri, na mafundo yake ya sufu yapita milioni 25. Halina mnyama wala mtu, ila maua na taa za msikiti. Pembeni pamefumwa jina la Maqsud wa Kashan na mwaka 946 Hijria. Morris alishauri linunuliwe, likanunuliwa kwa pauni 2,000.

Hapa nakiri kwamba roho yangu hugawanyika. Zulia lile lilifumwa kwa ajili ya mahali pa dua, na leo liko ndani ya kioo, linawashiwa taa dakika kumi tu kila nusu saa ili rangi zisififie. Tena baadaye ilijulikana kwamba lilikuwa na pacha wake, na pacha huyo alikatwa vipande ili kulitengeneza hili. Mabaki yake yako Los Angeles, Marekani. Morris hakulitoa Ardabil, bali alilikuta sokoni. Lakini mtu aliyejua thamani ya kufumua aliishi wakati ambapo wengine walifumua ili wauze. Aliyefumua kwa elimu aliacha mafundi nyuma yake, na aliyekata kwa bei aliacha pengo.

Jambo jingine lilimsumbua mwenyewe. Alitaka uzuri uwe wa watu wote, na kazi yake ikanunuliwa na matajiri. Mwaka 1883 alijiunga na wasoshalisti, akawa akihutubia vibarazani na pembeni mwa barabara akiwatetea wafanyakazi. Mwaka 1891 alianzisha kiwanda cha chapa, na mwendo ukawa uleule. Alipata picha zilizokuzwa za herufi za Nicolas Jenson, mchapaji wa Venice wa karne ya 15, akazifuatisha kwa kalamu mara nyingi, kisha akachora zake. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1896, akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa katika kijiji cha Kelmscott.

Wasomaji wangu, katika masanduku yetu mna kofia, mikeka na kanzu za kazi ambayo wenyewe wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kabla nondo hawajazimaliza, au hazijachukuliwa na mwenye pesa, mmoja wetu aketi nazo mwangani, azigeuze ndani nje, ahesabu nyuzi zake. Kofia ile ya mama ninayo bado, na upande alioufumua umeshonwa tena hata haujulikani ni upi.