Alonzo Decker, mtu aliyeweka nyumba rehani kabla ya kuunda mashine ya kutoboa

Kwenye maeneo ya ujenzi ya Goma, Bukavu ao Lubumbashi, fundi mwenye mashine ya kutoboa ya betri hasimamishi kazi kwa sababu umeme umekatika. Mafundi wetu wengi wanaiita perceuse. Kishikio chake kinafanana na cha bastola, na jambo hilo lina historia yake huko Baltimore, Marekani.

Alonzo Decker alizaliwa mwaka 1884. Akiwa kijana alifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya telegrafu, ambako alikutana na Duncan Black. Black alijua kuuza. Decker alijua kuunda mashine. Mwaka 1910 waliamua kuacha mshahara na kufungua karakana yao. Black aliuza gari lake kwa dola 600. Decker aliweka nyumba yake rehani akapata dola 600 nyingine. Alikuwa na mke na mtoto mdogo, kwa hiyo biashara ingeanguka, ni familia nzima ingekosa pa kulala.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kutengeneza mashine za watu wengine: ya vifuniko vya chupa za maziwa, ya kuchovya peremende. Kazi za kulipa deni tu.

Mashine za umeme za kutoboa zilikuwepo tayari. Wajerumani wa kampuni ya Fein walitengeneza ya kwanza ya kushikwa mkononi mwaka 1895. Lakini zilikuwa nzito, na mara nyingi fundi alihitaji mikono yote miwili. Inasimuliwa kwamba Decker na mwenzake waliitazama bastola ya Colt, wakafikiri: kwa nini mashine isishikwe hivi, na kuwashwa kwa kidole kimoja? Waliomba hataza mwaka 1914, wakaipata mwaka 1917. Mota waliyoweka ilikubali aina zote mbili za umeme, ule wa moja kwa moja na ule wa kupishana. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa maana wakati ule umeme wa mji mmoja haukuwa lazima ufanane na wa mji mwingine.

Black alifariki mwaka 1951, Decker akaongoza kampuni hadi kifo chake mwaka 1956. Hakuona mashine isiyo na waya: Black & Decker waliitoa mwaka 1961, ikitumia betri ya nikeli na kadimiamu. Nguvu yake ilikuwa ndogo. Hata hivyo, miaka 10 baadaye wanaanga wa Apollo 15 walitoboa udongo wa mwezi kwa mashine ya betri yenye mota ya kampuni hiyohiyo.

Leo fundi anayenunua asidanganywe na namba. Volti 18 na volti 20 zinazoandikwa kwenye mashine nyingi ni betri ileile ya seli 5: 20 ni kipimo cha betri iliyojaa kabla ya kazi, 18 ni cha wakati wa kazi. Aangalie zaidi ampea-saa, na kama betri moja itaingia pia kwenye msumeno wake. Na ndani ya nyingi ya betri hizo za lithiamu kuna kobalti, ambayo sehemu kubwa duniani inachimbwa hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga.