Mpishi wa Lokitaung: Jomo Kenyatta na Siku Zisizohesabiwa

Wasifu wa viongozi wetu una mazoea yake. Aghalabu mwandishi humzalisha kiongozi katika umaskini, akampitisha misheni, akamvusha bahari, akamtia gerezani na hatimaye akamsimamisha chini ya bendera mpya. Kila hatua ni safari, na kila safari huandaa nyingine iliyo kubwa zaidi. Huu ndio mkondo wa tendi zetu za mashujaa pia: siku ambayo shujaa hakutenda jambo la kutisha haihesabiwi. Katika makala haya nimekusudia kumtazama Jomo Kenyatta kupitia siku hizo zisizohesabiwa, yaani siku za kupika, kupalilia mboga na kukaa nyumbani na mkewe. Nyingi kati ya siku hizo aliziishi Turkana, Lokitaung kwanza na kisha Lodwar, baina ya mwaka 1953 na 1961. Swali linalonisumbua ni hili: mtu aliyezoea mambo makubwa alipata nini katika maisha madogo, na je, maisha hayo huweza kuitwa ya kawaida iwapo aliyeyaishi hakuyachagua?

Kuhusu safari zake nitasema kwa ufupi, kwa kuwa zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Kamau wa Ngengi alizaliwa katika miaka ya 1890, tarehe isiyojulikana, katika eneo la Gatundu. Alijiunga na misheni ya Waskoti huko Thogoto mwaka 1909, akajifunza useremala, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Baadaye aliajiriwa na idara ya maji ya Nairobi. Mwaka 1928 akawa katibu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania, na mwaka uliofuata akapanda meli kwenda London. Alirudi mwaka 1930, akaondoka tena mwaka 1931, na safari hii akakaa ng'ambo miaka kumi na mitano. Alifika Moscow akasoma huko. Alisoma anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski. Alionekana hata katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, miongoni mwa waigizaji wadogo. Kitabu chake Facing Mount Kenya kikatoka mwaka 1938.

Ndipo vita vikaja, na kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake safari zikakatika. Kenyatta alihamia Storrington, kijiji cha Sussex kusini mwa Uingereza, akawa kibarua wa shamba. Alilima bustani yake ya mboga, akafuga kuku, akafahamiana na wanakijiji waliomwita Jumbo, na jioni nyingine alitoa mihadhara kwa wafanyakazi na wanajeshi kuhusu Afrika. Mwaka 1942 alimwoa Edna Clarke, na mwaka 1944 wakapata mtoto wa kiume, Peter Magana. Waandishi wengi wa maisha yake hupita hapa haraka, kana kwamba wanasubiri gari moshi la kuelekea Manchester. Mimi naona kwamba hapa pana jambo la kutufikirisha. Huyu alikuwa mtu mwenye kazi, mke, mtoto, majirani na kuku. Hakuna aliyemlinda kwa bunduki. Kama utulivu wa maisha ya kawaida ungaliweza kumshika, ungalimshika Storrington.

Haukumshika. Oktoba 1945 alikuwa Manchester katika Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, na Septemba 1946 aliteremka Mombasa. Edna na mtoto walibaki Uingereza. Kiambu nako, Grace Wahu, mke aliyemwoa tangu ujana, alikuwa amewalea Peter Muigai na Margaret kwa muda wote huo baba yao akiwa ughaibuni. Tunapousifu ujasiri wa mwanamume aliyevuka bahari, hatuna budi kuuliza ni nani aliyebaki akichota maji. Maisha ya kawaida ambayo Kenyatta aliyaacha mara mbili hayakukoma kwa kuwa yeye aliondoka. Yaliendelea katika mikono ya wanawake wawili, mmoja Kiambu na mwingine Sussex, na tendi hazina beti za kuwaimbia.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Kenyatta alikamatwa, serikali ya Gavana Evelyn Baring ilipotangaza hali ya hatari. Pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko alishtakiwa Kapenguria kwa madai ya kuiongoza Mau Mau, na tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hukumu ya Oneko ilibatilishwa katika rufani, ijapokuwa aliendelea kuzuiliwa kwingineko. Wale wengine watano walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na ziwa na mpaka wa Ethiopia.

Huko Lokitaung wafungwa wenzake walifanya kazi za sulubu juani. Kenyatta, kwa sababu ya umri, alisamehewa sulubu hiyo akapewa jiko. Mwandishi wa Facing Mount Kenya, aliyehutubia mikutano Ulaya na kuongoza Kenya African Union tangu mwaka 1947, akawa mpishi wa wenzake. Msomaji wa fasihi yetu hatakosa kumkumbuka Fumo Liyongo gerezani, aliyeletewa na kijakazi Saada mkate wenye tupa ndani yake. Lokitaung hapakuwa na Saada wala tupa. Chakula kilikuwa chakula tu, na aliyekipika alikuwa mfungwa mwenyewe, leo kama jana, kwa miaka sita.

Isidhaniwe kwamba jiko hilo lilikuwa mahali pa amani. Wafungwa waligawanyika vibaya. Kaggia, Kubai na Ngei hawakuelewana na mzee huyo, na wakati mmoja mfungwa mwingine alijaribu kumdhuru. Kulikuwa pia na mambo ya upole. Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa msituni, aliletwa huko na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Barua za binti yake Margaret zilimfikia. Ninapoyaweka mambo haya pamoja, jiko na masomo na barua, naona kitu kinachokaribia kuwa maisha. Hata hivyo, sithubutu kukiita kuridhika. Kazi ya kupika huweza kumpa mtu utulivu mkubwa anapoweza kuiacha akatoka nje. Kuku wa Storrington na sufuria ya Lokitaung vinafanana kwa udogo tu.

Mnamo Aprili 1959 kifungo kiliisha, lakini uhuru haukuja. Alihamishiwa Lodwar na kuwekewa mipaka, akalazimika kuripoti kwa wakuu wa serikali. Alipewa nyumba ndogo, na mkewe Ngina, waliyeoana mwaka 1951, akaruhusiwa kukaa naye. Nyumba hiyo ingaliko, nayo imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Anayeizuru hushangazwa zaidi na joto kuliko historia. Hapo ndipo mtu aliyekaribia miaka sabini alipoanza tena maisha ya mume na mke, katika mji mdogo kando ya Mto Turkwel, wenye mikoma, migunga na vumbi.

Serikali ya kikoloni ilimpeleka Turkana kwa kuwa iliamini kwamba huko hakuna kitu. Wilaya ilikuwa imefungwa, mgeni hakuingia bila kibali, na jangwa lilitarajiwa kufanya kazi ya ukuta. Lakini wenyeji hawakuiona nchi yao kuwa ukuta. Kwa Mturkana aliyepita na mbuzi na ngamia wake kwenda kutafuta maji, Lodwar haikuwa mwisho wa dunia, ilikuwa njiani. Mahali pale pale palipokuwa adhabu kwa mmoja palikuwa nyumbani kwa mwingine, na huyo mwingine hakuulizwa kama alipenda nchi yake itumike kuwa jela. Dhana hii ya utupu haijafa. Magazeti ya ng'ambo hupenda kueleza kwamba jina la Kakuma, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa Lodwar kwenye barabara ya Lokichoggio, ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo kitu. Sijui Kiswahili hicho kinazungumzwa wapi. Sikijui katika kamusi zetu. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma mwaka 1992, na miongoni mwa wa kwanza kufika walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea nchi tatu wakikimbia vita. Hao walikuwa wamekwisha kusafiri kuliko Kenyatta, nao hawakutamani kisa kingine. Walichotamani ni jiko, darasa na usingizi. Kambi na mji wake leo vina zaidi ya watu laki mbili, wengi wakiwa na vioski, mashine za kushona na watoto wa shule, na wengi pia wakiwa hawana ruhusa ya kwenda wanakotaka. Nadhani hao wangeielewa nyumba ya Lodwar upesi kuliko sisi wasomi.

Wakati Kenyatta akikaa Lodwar, jina lake lilisafiri bila yeye. Oginga Odinga alikuwa amelitaja kwa heshima katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo Juni 1958, akazomewa. Mwaka 1960 KANU ilipoundwa ilimtaka awe rais wake. Serikali ikakataa, na Gavana Patrick Renison akamweleza kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na kifoni. KANU ikashinda uchaguzi wa Februari 1961 na kukataa kuunda serikali mpaka afunguliwe. Machi wanasiasa wakaruka hadi Lodwar kumwona. Aprili akahamishiwa Maralal, na tarehe 14 Agosti 1961 akarejeshwa Gatundu, katika nyumba aliyojengewa na serikali ile ile iliyomfunga. Oktoba mwaka huo Ngina alijifungua Uhuru.

Kuhusu urais wake, tangu mwaka 1964, nina mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba msafiri huyu aliacha kusafiri. Baada ya miaka ya mwanzo ya uhuru alikwenda ng'ambo mara chache mno, akawatuma mawaziri. Hata Ikulu ya Nairobi hakupenda kulala. Jioni alirudi Gatundu, na wajumbe wakamfuata huko na ngoma zao. Ukitaka kuona kuridhika na nyumbani, hapo pana ushahidi. Ila nyumbani huko kulikuwa na walinzi, foleni ya waombaji na mashamba makubwa ambayo familia yake ilikuwa ikijipatia. Sidhani neno kawaida linafaa tena.

La pili linamhusu Kaggia, aliyekula chakula cha mpishi wa Lokitaung. Kaggia aliacha unaibu waziri mwaka 1964 kwa sababu ya suala la ardhi, akiwatetea wasio na mashamba na wapiganaji waliosahauliwa. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara Kandara, jimboni kwake, Kenyatta alimkabili mbele ya umati. Alimlinganisha na wafungwa wenzao waliokwisha kujipatia mali, akamtaka aeleze yeye amejifanyia nini. Huenda ndilo swali zito zaidi kuwahi kuulizwa nchini kuhusu maisha ya kutosheka, na liliulizwa kama tusi. Kaggia alijiunga na KPU mwaka 1966, akapoteza kiti, akafungwa tena mwaka 1968, akarudi KANU mwaka 1969 na kushika wadhifa katika bodi ya pamba. Kisha akakaa Kandara na kinu chake cha kusagia mahindi. Hakukimbilia mali wala hakukimbia watu. Alifariki Machi 2005.

Sitaki kumfanya Kaggia mtakatifu; mtu anayeshindwa kisiasa hubakia na machaguo machache, na kinu cha unga si hati ya usafi wa moyo. Lakini watu hawa wawili walikula chungu kimoja kwa miaka, na mmoja alipotoka aliuona udogo wa maisha kuwa jambo la kumwaibisha mwenziwe hadharani. Hii inanifanya nisite kila ninaposoma kwamba Turkana ilimfunza Kenyatta subira na kiasi. Subira, naam.

Kenyatta alifariki Ikulu ya Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Hakuzikwa Gatundu, alikorudi kila jioni. Kaburi lake liko Nairobi, katika uwanja wa Bunge, na lina askari wa zamu.